Kusimamisha

Kutoka chumba cha bustanini hadi chumba cha baharini
ni hatua arubaini na moja.
Nimezihesabu, maana ndiyo kazi yangu:
kuchukua karatasi huku, kuifikisha kule,
na njiani nisiwe na uso.

Wenyewe hawaonani. Hawataki.
Wa huku wana manowari tatu nje ya Mlango wa Hormuz,
wa kule wana makombora yaliyolazwa matumboni mwa milima,
na sisi tuliowekwa katikati tuna mazulia,
tuna kahawa ya hiliki, halua ya Nizwa,
na mkurugenzi wangu, Bwana Mundhir bin Khalfan,
asemaye nchi ndogo silaha yake adabu.

Saa mbili wa huku wamelalamika: kiyoyozi kinawauma mifupa.
Saa tatu wa kule wamerudisha chai, sukari imezidi.
Saa nne mpaka adhuhuri
tumeshindana na neno moja.

Wa huku wameandika kwamba watasimamisha.
Wa kule wanataka wakomeshe.
Nimekwenda, nimerudi, nimekwenda,
soli ya kiatu cha kushoto imeanza kubanduka
na inapiga kofi sakafuni kila nikikanyaga,
walinzi wa pande zote mbili wananitazama miguu.
Hilo tu ndilo walilokubaliana kutwa nzima.

Mimi Kiarabu nilikipata shuleni, Kiingereza kazini,
na katika lugha hizo neno lao lina ukuta, lina mlango, lina kufuli.
Lakini katika ile niliyonyonya kwa mama, mzaliwa wa Wete,
kusimamisha ni kulizuia gari lisiende,
na kusimamisha ni kuinua nguzo ikae wima.
Simamisha basi. Simamisha nyumba.
Simamisha vita,
haya, hapo utanambia nini?
Nikasita hatua ya ishirini, chini ya kamera,
nikaikunja karatasi
isije ikanisikia.

Wanasema fahali wawili wakigombana ziumiazo nyasi.
Nyasi za Maskati, ndugu yangu, hazikujiotea.
Zimetandikwa kama busati, zinanyweshwa usiku kwa mpira,
na maji yake yametolewa chumvi kiwandani,
na chumvi yake imetoka bahari hiyohiyo
wanayonyoosheana vidole juu yake.
Kombora moja likikosea njia,
mafuta yakitanda mbele ya mdomo wa bomba,
hatuna hata haja ya kupigwa.
Tutafungua mfereji, utakohoa.
Hilo halimo kwenye karatasi. Nimesoma kurasa zote.

Magharibi ikaadhiniwa, neno halijapatikana.
Wameacha nukta tatu mahali pake,
wakaingia magari meusi, kila mtu na mlango wake.
Bwana Mundhir akanishika bega: "Kesho."
Akatabasamu kama mtu aliyeshinda.
Labda kesho ndiyo tunayoiuza.

Nyumbani Mabela nimemkuta mama jikoni, kanga kaifunga kiunoni,
anajaza maji.
Ndoo, madebe, sufuria la pilau,
chupa za chai, hata birika la Idi
lisiloguswa isipokuwa kwa wageni.
"Nani kakwambia, mama?"
Siri ile tuliiapia, watu tisa.
"Nani wa kunambia! Siku ya tatu hii unarudi huna uso.
Mtu hauachi uso wake kazini bure."

Nikataka kumweleza: mazungumzo yana matumaini,
pande zote zimeonyesha nia njema.
Ni maneno ya taarifa ya habari, niliyaandika mwenyewe,
yakanikwama kooni kama mwiba wa changu.
Nikavua viatu. Nikabeba ndoo,
nzito, imejaa hadi ukingoni, inacheza.

"Taratibu, usimwage," akasema mama.
"Isimamishe hapo."